Gari limepita ukaguzi: limepita nini hasa?

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishapamba moto, pesa huanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea. Wiki chache baadaye magari nayo huanza kubadili wenyewe. Spacio ya mtumishi wa Mtwara mjini inahamia Kitangari, Noah iliyoshushwa Dar es Salaam inapata familia Nachingwea, IST ya Lindi inauzwa ili mwenyewe anunue kubwa zaidi. Katika mapatano hayo kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa, wanunuzi wengi hukosa swali la kuongeza: gari limepita ukaguzi.

Watu wanaweka pesa ya msimu mzima juu ya sentensi hiyo, kisha wanaweka watoto wao kwenye viti vya nyuma. Ndiyo maana inastahili kufafanuliwa. Mara nyingi ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba muuzaji anajibu swali moja na mnunuzi anasikia majibu ya maswali matatu. La kwanza: je, gari hili ni salama leo? La pili: je, litanifikisha mwakani bila kunifilisi? La tatu: je, aina hii ya gari ni imara kuliko nyingine? Ukaguzi ulibuniwa kwa ajili ya la kwanza tu. La pili haulijui. La tatu unalijibu kwa namna iliyokwishapotosha wengi, wakiwamo wanaosambaza orodha za magari imara kwenye simu zetu.

Kinachoangaliwa na kisichoangaliwa

Uingereza ilianzisha ukaguzi wa lazima mwaka 1960, kwa magari yaliyokuwa na miaka 10 na zaidi, na ulihusu breki, taa na usukani. Leo gari dogo la kawaida kule hukaguliwa kwa mara ya kwanza likifikisha miaka 3, kisha kila mwaka, na orodha imerefuka: matairi, mikanda, moshi, kutu kwenye sehemu zinazobeba uzito, shokapu na bushi. Lakini serikali yao yenyewe inawaambia wananchi waziwazi kwamba ukaguzi huo hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomfanya mtu alaze gari nyuma ya nyumba miezi sita akitafuta pesa. Kwa mkaguzi wa kule, gari lenye giaboksi inayokaribia kufa linaweza kupita bila doa.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, ukaguzi unaitwa shaken. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ni ukaguzi mkali, na hulipiwa pamoja na kodi ya uzito wa gari na bima ya lazima, hivyo siku ya shaken ni siku ya gharama. Wajapani wengi gari likikaribia tarehe hiyo hupiga hesabu na kuona bora waliuze. Hapo ndipo mnada wao unapopata magari, na sisi tunapata ya kununua. Kwa hiyo kusema kwamba gari la Japani lilifaulu shaken ni kweli, lakini kulikuwa na shaken nyingine iliyokuwa inakuja, na mwenye gari hakutaka kuifikia. Huenda hakutaka tu kulipa. Huenda fundi wake alikwishamwambia kitu. Karatasi haisemi ni lipi.

Kwetu kuna hatua mbili. Gari lililotumika linaloingia nchini hukaguliwa kwa viwango vya TBS, shirika letu la viwango, na kwa nyakati tofauti kazi hiyo imefanyika huko linakotoka kabla ya kupakiwa melini au baada ya kufika Dar es Salaam. Likishakuwa barabarani, linabanwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na wakaguzi wa polisi wa usalama barabarani hulikagua na kulibandikia stika kiooni. Ukaguzi wa stika unategemea zaidi macho, mikono na tochi. Mkaguzi mzoefu huona mengi kwa macho yake: tairi kipara, taa ya breki isiyowaka, usukani unaocheza, kioo kilichopasuka. Ila hafungui dramu, hachomoi kifuniko cha oili, haoni ndani ya rejeta. Na nyuma ya gari lako kuna foleni.

Mstari mmoja, pande mbili

Ukaguzi wowote unachora mstari. Upande huu umepita, upande ule umeshindwa. Kwa tairi, mstari wa Uingereza ni kina cha milimita 1.6 cha kashata, yaani meno ya tairi. Tairi la milimita 1.7 linapita, na tairi jipya linapita pia, na cheti hakitofautishi. Kwa breki, magari yao yaliyosajiliwa kabla ya Septemba 2010 yanatakiwa yatoe nguvu isiyopungua asilimia 50 ya uzito wa gari kwenye mashine ya kupimia. Gari la asilimia 51 na la asilimia 80 yote yanaondoka na cheti kile kile. Mnunuzi anayeshika cheti hana njia ya kujua gari lake lilipita kwa mbali au lilipita likichechemea.

Mkulima wa korosho analielewa hili kuliko mtu yeyote. Ghalani huchukuliwa sampuli, unyevu hupimwa, korosho hupasuliwa, mzigo hupewa daraja. Daraja hilo ni la sampuli ile na la siku ile. Mzigo huo huo ukinyeshewa njiani, daraja linabaki kwenye karatasi huku korosho zikioza guniani. Gari lililokaguliwa mwezi Machi na kupita msimu mzima wa kubeba magunia kwenye njia ya mchanga liko katika hali hiyo hiyo mwezi Desemba: stika bado ipo, gari la Machi halipo tena.

Kisha kuna suala la mkaguzi na mkaguzi. Baadhi ya vipimo ni vya namba, kama kina cha tairi, na hapo wawili watakubaliana. Vingine ni vya hukumu: boljointi ikicheza kiasi gani ndiyo imekwisha? Kutu ikifika wapi ndiyo imedhoofisha chuma? Shokapu iliyolowa oili kidogo imevuja au imetoa jasho tu? Hapo mafundi wawili waaminifu, kwenye gari moja, siku moja, wanaweza kutofautiana na wote wakawa na hoja. Sioni aibu katika hilo, ndivyo kazi ilivyo. Lakini ina maana kwamba gari lililo karibu na mstari linaweza kupita kwa huyu na kushindwa kwa yule, na wanunuzi wetu wengi wananunua magari yaliyo karibu na mstari, kwa sababu bei ndiyo inayowafikisha hapo.

Orodha za magari imara zinavyosomwa vibaya

Uingereza, matokeo ya kila ukaguzi huhifadhiwa, na yeyote mwenye namba ya gari anaweza kusoma historia yake bure mtandaoni kurudi hadi 2005. Ujerumani, kampuni za TÜV zinazokagua magari hutoa ripoti kila mwaka zikionyesha aina gani za magari zilishindwa zaidi kwa umri gani. Kutokana na takwimu hizo watu hutengeneza orodha: kumi bora, kumi mbovu. Orodha hizo hutafsiriwa, hufupishwa, na mwishowe zinafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo zikiwa hazina maelezo yoyote.

Shida ya kwanza ni kile kinachohesabiwa. Kule Uingereza karibu magari matatu kati ya kumi hushindwa yanapoletwa mara ya kwanza, na sababu zinazoongoza ni taa, sehemu za chini za kushikilia magurudumu, breki na matairi. Tangu Mei 2018 makosa hugawanywa kuwa ya hatari, makubwa na madogo, lakini orodha nyingi za mtandaoni huhesabu kushindwa tu. Gari lililoshindwa kwa balbu moja ya kubadilishwa kwa dakika tano linahesabiwa sawa na gari lililoshindwa kwa chasisi iliyoliwa na kutu. Taa na tairi zinamweleza mwenye gari zaidi kuliko kiwanda.

Mwenye gari ndiye shida ya pili, na naiona kubwa kuliko zote. Aina ya gari inayonunuliwa na wazee waangalifu, wanaolipeleka gereji kabla ya siku ya ukaguzi, itapata alama nzuri hata kama imeundwa kawaida tu. Aina inayopendwa na vijana wasio na pesa ya huduma itapata alama mbaya hata kama chuma chake ni kizuri. Orodha inasoma tabia na kuiita uimara.

Ya tatu haionekani kirahisi. Ukaguzi unahesabu magari yaliyoletwa kukaguliwa. Gari ambalo giaboksi yake imekufa likiwa na miaka 9 haliletwi, linakatwa spea. Ikiwa aina fulani inaua giaboksi nyingi, mabaya yake yanaondoka kwenye hesabu kimyakimya na yanabaki yaliyonusurika. Matokeo ni kwamba aina hiyo inaweza kuonekana nzuri kadiri inavyozeeka.

Na mwisho, magari yetu mengi hayamo kabisa. Noah, Premio na IST ya umbo la kwanza hazikuuzwa rasmi Uingereza. IST ya umbo la pili iliuzwa Ulaya kwa jina la Urban Cruiser, ikiwa na baadhi ya injini ambazo sisi hatuna. Mtu anayekwambia Noah ya 2004 iliongoza ripoti ya Ulaya anakuuzia maneno.

Takwimu hizo zina kazi yake, ila ni nyingine. Magari ya aina moja yakishindwa kwa kifaa kile kile, katika umri ule ule, kupita wenzao wa rika, hapo kuna jambo la kiwanda na mnunuzi afanye vizuri kulijua. Na historia ya gari moja moja, kilomita zake mwaka baada ya mwaka na maangalizo ya mkaguzi, ina thamani kuliko orodha yoyote. Kwetu hatuna hifadhi ya namna hiyo iliyo wazi kwa mnunuzi. Inabidi tuitengeneze wenyewe kwa maswali.

Nampenda mama mmoja wa makamo niliyemsikia kwenye mapatano. Dalali, kijana wa kumzaa, alimwambia, "Mama, gari hili halina shida, limepita ukaguzi, stika hiyo hapo." Akamjibu, "Stika nimeiona, mwanangu. Lilikuwa la nani, na lilikuwa linafanya kazi gani?" Kijana akaanza kutafuta maneno. Noah hiyo ilikuwa imebeba abiria.

Kusini inavyolitafuna gari

Hapa ndipo swali la pili linapokaa, lile la kudumu, na jibu lake linatoka kwenye barabara na hewa yetu kuliko kwenye cheti.

Tuanze na chumvi. Mtwara Mikindani, Lindi, Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje ziko ukingoni mwa bahari, na upepo wa bahari una chumvi. Chumvi ikitua kwenye chuma hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma hubaki kibichi hata wiki ambayo mvua haijanyesha. Kutu huanza mahali usipopaangalia: bomba za breki, maungio ya eksozi, ndani ya vizingiti vya milango, chini ya zulia la miguuni, kwenye vichwa vya nyaya. Gari lililokaa miaka minne Mikindani linaweza kuwa na bodi inayong'aa na bomba la breki linalochubuka kwa ukucha. Ukikuta chini ya gari kumepakwa rangi nyeusi mpya, uliza kwa nini. Inaweza kuwa kinga ya kweli, inaweza kuwa pazia. Gonga vizingiti kwa vidole: chuma kizima hulia, chuma kilichojazwa pati hunyamaza. Vuta pia mkanda wa kiti hadi mwisho wake, ukiona mstari wa tope gari hilo liliwahi kuzama.

Barabara ndiyo inayofuata. Safari ya Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 magari madogo yanaifanya kwa siku moja. Lakini malori nayo yanaifanya, na mvua pia: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Mashimo yanayozaliwa baada ya mvua kama hizo yanalipwa na bushi, boljointi, stabilaiza linki, tairodi endi na beringi za magurudumu. Ukiacha lami kuelekea vijiji vya Liwale au Nanyumbu, mchanga na vumbi vinaongeza yao. Hizi ndizo mbovu za kawaida kabisa za gari la familia lililotumika kwetu, na kwa bahati nzuri ndizo rahisi kusikika. Zima redio, shusha vioo, pita polepole penye matuta madogo. Mlio wa koko-koko mbele ni stabilaiza linki au bushi. Kata kona hadi mwisho ukiondoka taratibu: ka-ka-ka ni sivi jointi, ambayo kwa kawaida hufa baada ya buti lake la mpira kupasuka na mchanga kuingia kwenye grisi. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua ni beringi, au tairi lililoliwa vibaya.

Matairi yenyewe usiyapime kwa kashata pekee. Ubavuni kuna namba nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1416 lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mtumba wa kashata nene na mpira uliokauka hupita mbele ya mkaguzi yeyote anayetazama kashata.

Breki zinahitaji maneno zaidi kwa mtu wa Newala na Tandahimba, kwa sababu anaishi juu na anashuka. Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka, na kwenye hewa nzito ya pwani hufanya hivyo kwa haraka zaidi. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Sasa fikiria Noah imejaa watu, inateremka kutoka uwanda wa Makonde kuelekea Masasi, dereva ameshikilia pedali tangu juu. Diski zinawaka, joto linapanda kwenye oili, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inazama hadi chini na gari halishiki. Likipoa, breki zinarudi kama kawaida. Asubuhi hiyo, uwanjani, gari hilo lingepita ukaguzi wa breki bila tatizo. Hili ndilo pengo ninaloliogopa kuliko yote. Kulimaliza ni kazi ya chupa moja ya oili na saa moja ya fundi anayejua kutoa upepo, pamoja na dereva anayeteremka kwa gia ndogo.

Kuchemsha ni ugonjwa wetu mwingine. Gari la kutoka nchi ya baridi linafika kwenye joto letu na rejeta yenye umri wa miaka 15, na fundi wa kwanza anayelipata anatoa thamostati "ili lipoe vizuri". Thamostati si adui. Inazuia maji yasizunguke hadi injini ifike kwenye joto lake, kisha inafungua. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inakula mafuta na kuchakaa, na kilichokuwa kinasababisha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, feni au wota pampu, kinabaki palepale. Ongeza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na kutu inaanza ndani. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Maji ya rangi ya matofali yanakueleza habari ambayo stika haikuulizwa. Kitu kama maziwa kwenye kifuniko cha oili ni dalili ya gasketi ya hedi, na hapo ama bei inashuka sana ama unaondoka.

Injini na giaboksi kwa majina

IST na Spacio za injini ya 1NZ zimejijengea heshima kwa haki. Ni injini ya cheni, mafundi wanaijua, spea zinapatikana hadi Masasi. Ya 1ZZ, ile ya sentimita za ujazo 1800 iliyomo kwenye baadhi ya Spacio, Wish, Premio na Allion, inajulikana kwa kula oili, hasa zile za miaka ya mwanzo, kwa sababu ya ringi na matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni. Haitoi moshi wa bluu kila wakati, kwa hiyo vuta kijiti cha oili kabla ya kuwasha na uulize huongezwa mara ngapi.

Noah ya 2001 hadi 2007, na Wish na Premio za sentimita za ujazo 2000, mara nyingi zina 1AZ-FSE, ambayo watu wanaiita D4. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha, masizi yanajikusanya na gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Pampu yake ya shinikizo kubwa haisamehe petroli chafu ya kwenye madumu, na huko tunakokwenda vijijini dumu ndilo kituo cha mafuta. Sisemi isinunuliwe. Nasema inunuliwe na anayejua anachonunua, na bei iseme hivyo.

Noah za kuanzia 2007 na X-Trail za umbo la pili zilikuja na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Hii inataka oili yake maalumu. Ukiweka ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, unaiua, na kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa. Endesha hadi gari lipate moto sawasawa, angalau nusu saa, halafu usikilize mlio wa kufinya na uangalie kama linasita kuondoka. Safari ya kuzunguka mtaa haitoshi, CVT mbovu hujificha ikiwa baridi.

Taa za dashibodi nazo zitazame funguo ikiwa kwenye "on" kabla ya kuwasha. Ya cheki injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki) na ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga wakati wa ajali) zote zinatakiwa ziwake, kisha zizime. Isiyowaka kabisa imeondolewa balbu au imeunganishwa pengine.

Na eabegi ina habari yake nzito. Mabomu madogo ya kujazia eabegi yaliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata yalitumia amonia naitreti, kemikali inayoharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ikiharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kifuani na shingoni kwa dereva. Makumi ya watu wamekufa duniani, na karibu vifaa milioni 100 viliitwa virudishwe. Mei 2015 Toyota iliita mamilioni ya magari, Corolla na Vitz zikiwamo. Maeneo yaliyopewa kipaumbele Marekani yalikuwa yale ya joto na unyevu mwingi, hali ambayo pwani ya Lindi na Mtwara inayo mwaka mzima. Hakuna taa inayowaka kuonya, na hakuna mkaguzi wa barabarani anayeweza kuiona. Tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya chasisi na kujua kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Kama una kijana nyumbani mwenye simu na kifaa cha kutafsiri, mpe kazi hiyo leo.

Karatasi, na siku ya kulipa

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma lazima ifanane na kadi, herufi kwa herufi. Kwa gari lililoingia karibuni, omba cheti cha Japani cha kulisafirisha nje: huwa kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa shaken. Dashibodi ikionyesha 78,000 na cheti kikaonyesha 143,000 miaka miwili kabla, hapo hakuna mjadala tena. Karatasi ya mnada wa kule, ikipatikana, ina daraja. Herufi R maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. Kwa gari la namba C au D cheti hicho mara nyingi kimepotea, kwa hiyo soma mahali pengine: pedali ya breki iliyolainika, usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita 80,000.

Lipeleke kwa fundi ambaye hakuletwa na muuzaji wala dalali, mlipe ujira wake hata usiponunua, na umwombe aliinue gari juu. Muuzaji akikataa hilo, mapatano yameisha. Atakachokiona fundi kiandikwe na kitolewe bei kimoja kimoja kwa bei ya duka la spea, kisha ndipo mzungumze. Muuzaji mkweli hukubali hesabu iliyoandikwa kwa urahisi kuliko maneno ya "punguza kidogo".

Ukishalichukua, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta, oili ya breki, kulanti na oili ya giaboksi iliyo sahihi, na rudisha thamostati kama ilitolewa. Nunua daftari, liweke kwenye droo ya dashibodi, na uandike tarehe, kilomita na kila kilichobadilishwa tangu siku hiyo, pamoja na yale mkaguzi wa stika atakayoyataja kwa mdomo, kwa sababu atakayenunua gari hilo baada yako hana mahali pengine pa kuyasoma.